Fielder inaimba kama mtu aliye ndani ya mtungi: nianze na redio au spika?

mwana_wa_mtwapa, Ijumaa saa 3:12 usiku

Assalamu alaykum na habari za usiku wadau. Naomba msaada kabla sijapoteza pesa.

Nina Toyota Fielder ya 2015, niliitoa bandarini mwaka jana ikiwa na redio yake ya Kijapani. Redio hiyo inashika FM kuanzia 76 hadi 90 tu, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Nikawekewa kile kidude cha kushusha masafa kwa 20. Pwani FM ya 103.1 nikawa naipata kwenye 83.1, inakwaruza kama samaki kikaangoni, na Baraka FM ya 95.5 ikapotea kabisa. Nilipopiga hesabu nilicheka peke yangu: 95.5 ukitoa 20 ni 75.5, na redio inaanzia 76. Wiki iliyopita nikabadilisha betri, redio ikajifunga. Sasa inaonyesha ERC, tarakimu 16 na maandishi ya Kijapani. Naendesha kimya kimya.

Nina elfu 45, kila kitu ndani, na fundi pia. Nilipita duka moja mjini, kijana akanipigia hesabu: redio ya Android ya inchi 9, spika nne zilizoandikwa wati 1000, na sabufa la inchi 12. Akaniambia Mtwapa nzima itaniheshimu. Mimi heshima ya namna hiyo siitaki. Nasikiliza taarab, kaswida, na bango siku za Jumapili. Mke wangu analalamika kwamba taarab ndani ya gari letu anasikia dumbaki na fidla, maneno hayasikii. Sasa taarab bila maneno ni nini?

Nianze na redio au spika?

kijana_changamwe, Ijumaa saa 3:20 usiku

Anza na mke. Mwambie akuimbie.

Besi_Tupu, Ijumaa saa 3:41 usiku

Yakhe, hilo sabufa usilikatae. Mimi ninalo la inchi 12 kwenye Probox, sanduku la tundu, amplifaya ya chaneli moja. Nikipita Kongowea wauza nyanya wanajua ni mimi kabla hawajaniona. Muziki bila besi ni chai bila sukari. Hayo maneno utayasikia tu ukiongeza sauti.

fundi_tononoka, Ijumaa saa 4:30 usiku

Nafunga redio za magari tangu enzi za kaseti, kwa hivyo mnivumilie, nitakuwa na maneno mengi.

Hiyo wati 1000 kwanza. Spika huwa na nambari mbili. Ile iliyochapishwa kwenye boksi kwa rangi ya dhahabu ni ya kilele, mshindo wa kufumba na kufumbua, na wengine huiandika watakavyo maana hakuna wa kuwauliza. Geuza boksi utafute ile ndogo yenye herufi RMS. Huo ndio mzigo ambao spika inaubeba saa baada ya saa. Spika nzuri ya mlangoni ya inchi sita na nusu ikiwa na RMS ya 60 au 70 imekamilika.

Redio nazo ni hayo hayo. Imeandikwa 50W x 4. Injini ikiwaka, umeme wa gari ni volti 14.4 hivi. Kwa volti hizo na spika ya omu 4, chipu ya redio haiwezi kupita wati 25 za kweli kwa kila spika, na zikiwa safi ni chini ya hapo, 18 au 20. Ukilazimisha zaidi, wimbi la sauti linakatwa kichwa, ndipo unaposikia sauti inapasuka. Sasa redio yenye wati 20 utaifungia spika ya 1000 ili iweje? Kitu cha kuangalia ni nambari ya tatu, ambayo muuzaji haitaji hata siku moja: wepesi wa spika kutoa sauti, unaoandikwa kwa desibeli kwenye wati moja, umbali wa mita moja. Desibeli 3 zikiongezeka ni kama umezidisha umeme mara mbili. Spika ya 91 ikipewa wati 20 inalia sawa na ya 88 iliyopewa wati 40. Asiye na amplifaya atafute hiyo.

Ama kuhusu maneno ya mkeo, hapo wala si suala la nguvu. Irabu ziko chini, herufi kama s, sh, t na k ziko juu kwenye masafa. Sauti za juu husafiri kama tochi, kule zinakoelekezwa ndiko zinakofika. Spika ya kiwandani ya Fielder iko chini ya mlango, inakutazama ugoko. Maneno yote yanaingia kwenye suruali. Ndiyo maana nakwambia nunua spika za vipande, wufa ya sauti za chini inabaki mlangoni na tweta ya sauti za juu inapanda juu karibu na kioo cha pembeni, usawa wa sikio. Ukiweka hizo tu, hata na redio ya kawaida, utashangaa.

Na mlango wenyewe, jamani. Watu hununua spika ya elfu 15 wakaifunga kwenye bati tupu. Mlango ndio sanduku la spika. Ondoa ngozi yake uone: bati jembamba, matundu yanayopita mkono mzima, na nailoni imebandikwa juu. Spika ikisukuma hewa mbele, nyuma inavuta. Hewa hizo mbili zikikutana kupitia yale matundu zinauana, besi kwisha. Waliosema debe tupu haliachi kuvuma hawakuwahi kuuona mlango wa Fielder, lakini walipatia. Tafuta zile karatasi nzito za mpira wa butili zenye foili juu. Bandika vipande kadhaa kwenye bati la nje, hasa nyuma ya spika, kisha ziba matundu makubwa ya bati la ndani. Vitundu vya maji kule chini viache, ukiviziba utafuga samaki. Na za lami usinunue ingawa ni rahisi. Gari likilala juani Likoni ukingoja feri, lami inalainika, inateleza, na gari zima linanuka barabara mpya.

Elfu 45 ningeigawa hivi: redio ya jina linalojulikana, ya kawaida, yenye Bluetooth na matundu ya RCA nyuma (ya kuunganishia amplifaya), isizidi 14. Spika za vipande za mbele tu, 12 au 13. Butili ya milango miwili, 6. Plagi, viunzi na fundi, 5. Zinazobaki weka, baada ya miezi miwili utanipigia unataka amplifaya ndogo ya chaneli nne. Spika za nyuma ziache zilivyo na uzipunguze. Mwimbaji akiwa jukwaani hukaa mbele yako, hakai nyuma ya kichwa.

mamake_zulfa, Jumamosi saa 1:05 asubuhi

Fundi amesema kweli, ila aongeze chumvi. Mimi Demio yangu niliifunga mwenyewe uani kwetu Mikindani, mume anashika tochi. Viunzi vya spika nilichonga kwa ubao ule wa vumbi lililogandishwa kwa gundi, kwa sababu video zote zilikuwa zinautumia. Masika ya kwanza ukavimba kama mandazi, skrubu zikalegea, spika ikawa inacheza. Wale wa kwenye video hawaishi Mombasa. Sasa ninavyo vya plastiki ngumu. Ukikosa plastiki, tumia plaiwudi ya mashua na uipake vanishi pande zote, hadi ndani ya tundu.

Kaka, kabla hujanunua pima kina. Teremsha kioo hadi mwisho, kisha pima kutoka bati la mlango hadi kwenye kioo. Mimi sikupima. Sumaku ikawa inagonga kioo, nikarudi dukani na spika iliyokwisha kukwaruzwa, na duka likanigomea.

Tena angalia ukingo wa spika, ile pete laini inayozunguka koni. Iwe ya mpira. Ya sponji kwa joto na unyevu wetu inageuka unga, unaigusa inabaki kidoleni.

mwana_wa_mtwapa, Jumamosi saa 4:48 asubuhi

Allah awalipe. Mke wangu amesoma hilo la suruali amecheka mpaka chai imemwagika.

Maswali mawili. Hiyo ERC inafunguka au redio ndiyo imekufa? Na kwa nini nyote mnaikwepa Android? Nimeiona, kioo kizuri, ramani ipo, kamera ya nyuma ipo.

fundi_tononoka, Jumamosi saa 6:15 mchana

ERC inafunguka. Ni kinga ya wizi: zile tarakimu 16 zinapigiwa hesabu unapata namba ya kufungulia, na mafundi wengi mjini wanayo. Lakini ukishaifungua umerudi kulekule kwenye FM ya 76 hadi 90. Pesa ya kuifungulia iweke kwenye butili.

Android mimi siichukii. Nachukia kuiuza kama chombo cha sauti. Kwa bei hiyo pesa yote imekwenda kwenye kioo, na chipu ya sauti iliyo nyuma ni ile ile, au duni zaidi. Wengine hubadilisha hata maandishi, ndani kuna RAM moja, kwenye skrini inaandika nne. Ukiwasha gari inangoja kuamka kama kijana wa likizo. Kama shida yako ni kamera na ramani, nunua, lakini iwe yenye matundu ya RCA na kichujio cha kukata besi.

Na redio yoyote utakayochukua, pima nafasi. Toyota ina nafasi ya upana wa milimita 200, redio nyingi za dunia ni 178. Ukiweka ya 178 bila fremu yake utabaki na nyufa mbili pembeni, fundi mvivu atazijaza kwa karatasi nyeusi. Halafu usikubali wakate plagi ya gari! Toyota ina plagi mbili, ya pini 10 na ya pini 6, na waya za kuunganishia bila kukata zinauzwa bei ya sahani ya biriani.

mamake_zulfa, Jumamosi saa 6:40 mchana

Mimi ninayo Android na nimeridhika nayo, fundi asinitazame vibaya. Barabara ya kwetu giza, kamera ya nyuma imeniokoa na mtaro mara mbili. Lakini sauti ilibadilika siku niliyoziba milango, si siku niliyoweka kioo.

BabuKisauni, Jumamosi saa 2:20 usiku

Wanangu, mimi nilikuwa makanga miaka ya tisini. Sabufa mbili chini ya kiti cha nyuma, spika nne darini, na mimi nimening'inia mlangoni, sikio moja barabarani na jingine kwenye spika. Sikio lile la spika leo lina nzi. Analia usiku kucha, hapumziki hata mwezi wa Ramadhani. Daktari wa masikio aliniambia desibeli 85 unaweza kukaa nazo saa nane, na kila zikiongezeka 3 saa zinakatwa nusu. Ukifika 100 una robo saa tu. Nikamuuliza, na zamu yangu ilikuwa saa kumi na nne? Akanyamaza.

Huyo wa Probox ninampenda, ana moyo wa kazi yetu. Ila mwanangu, sikio halina spea.

Besi_Tupu, Jumamosi saa 3:02 usiku

Shikamoo babu. Nimekuelewa. Lakini mbona humu mnafanya kama besi ni dhambi? Bango ina gitaa la besi, chakacha ina ngoma zake. Spika ya mlangoni itayatoa wapi hayo?

fundi_tononoka, Jumamosi saa 3:35 usiku

Hapo uko sawa, na nakupa haki yako. Spika ya inchi sita na nusu chini ya Hz 60 inapumua kwa shida. Sabufa dogo likigawana kazi na milango ni jambo zuri hata kwa taarab, maana milango ikipumzishwa besi, maneno yanatoka safi zaidi. Siri ni kugawana: milango ikate yaliyo chini ya Hz 80, sabufa likate yaliyo juu ya hapo. Ukiacha yote mawili yapige kila kitu, unapata uji.

Sanduku la tundu kama lako linapiga kelele nyingi kwa wati chache, ila linavuma, kila wimbo unalia noti moja. Sanduku lililofungwa linakula umeme zaidi lakini ngoma ikipigwa unasikia ngozi. Kwa mtu wa kaswida na bango, la kufungwa la inchi 10, basi.

Halafu niambie ukweli, koili uliishaichoma ngapi?

Besi_Tupu, Jumamosi saa 3:44 usiku

Mbili. Ya tatu inanuka.

fundi_tononoka, Jumamosi saa 4:10 usiku

Nilijua. Umefungua geini hadi mwisho. Geini si kitufe cha sauti, ni cha kulinganisha redio na amplifaya. Chukua multimita. Sabufa lako likiwa la RMS 300 na omu 4, zidisha 300 kwa 4 upate 1200, kipeuo chake ni 34.6. Chomoa sabufa, cheza mlio wa Hz 50, redio iwe robo tatu ya sauti, panda geini taratibu mpaka mita isome volti 34 na kitu. Hapo acha, na mtu asiiguse tena.

Waya ya betri pia kwangua uone. Ukiona rangi ya fedha ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, na hewa ya bahari inaila. Shaba tupu ni ghali na nzito, ndiyo hiyo. Fyuzi ikae karibu na betri, isizidi nusu mita, maana waya ikichunika njiani bila fyuzi hiyo utapoteza gari, si redio. Waya ya ardhi iwe fupi, ukwangue rangi mpaka bati lionekane, ufunge, kisha upake grisi. Taa zako za mbele hupepesa besi ikipiga?

Besi_Tupu, Jumamosi saa 4:12 usiku

Wacha nikalale.

mwana_wa_mtwapa, Jumapili (wiki mbili baadaye) saa 11:30 jioni

Wadau nimerudi, na nimerudi na hasira. Nilinunua kama fundi alivyosema. Redio ya kawaida, spika za vipande za mbele, tweta juu. Fundi wetu wa humu alikuwa amesafiri, nikaenda kufungiwa duka jingine mjini. Butili walisema tutaweka siku nyingine, wamejaa kazi.

Sasa tweta zinalia vizuri, sikatai. Lakini besi imepotea. Imepungua kuliko spika za Kijapani za zamani! Bango inapigwa kwenye boksi la viatu. Na mwimbaji hajulikani aliko, mara yuko dirishani, mara kama yuko nyuma ya shingo yangu. Nimepandisha besi mpaka +7, hakuna kitu. Elfu 30 na ushei zimekwenda.

kijana_changamwe, Jumapili saa 11:34 jioni

Si nilikwambia mke akuimbie.

mamake_zulfa, Jumapili saa 11:50 jioni

Usipandishe kitu. Walikata plagi?

mwana_wa_mtwapa, Jumapili saa 11:52 jioni

Walikata. Walisema adapta hawana.

mamake_zulfa, Jumapili saa 11:58 jioni

Ingia garini sasa hivi. Weka wimbo wenye besi. Sukuma balansi yote kulia, spika ya kushoto inyamaze. Besi inaongezeka au inapungua?

mwana_wa_mtwapa, Jumapili saa 12:10 jioni

Inaongezeka!! Kushoto peke yake pia inaongezeka. Zikiwa mbili pamoja ndiyo inapotea. Uchawi gani huu?

mamake_zulfa, Jumapili saa 12:31 jioni

Si uchawi, spika moja imefungwa kinyume, chanya kwa hasi. Koni ya kulia ikitoka nje, ya kushoto inaingia ndani. Moja inasukuma hewa, nyingine inaivuta hewa ile ile. Sauti za juu hazijali sana, besi inafutika. Na mwimbaji hana pa kusimama, ndiyo maana anatangatanga.

Utajuaje ni ipi? Toa redio, fungua waya za spika za mbele kule nyuma yake. Kwenye waya za redio nyingi, nyeupe ni mbele kushoto, kijivu ni mbele kulia, na yenye mstari mweusi ni hasi. Za gari zina rangi zake nyingine, ndipo waliokata walipokosea. Chukua betri ya rimoti, ya volti moja na nusu. Gusisha waya mbili za wufa ya mlangoni kwa sekunde moja, mtu mwingine atazame koni. Ikiruka nje, waya iliyogusa chanya ndiyo chanya. Ikiingia ndani, geuza. Fanya kwenye wufa tu, tweta usiiguse na betri.

fundi_tononoka, Jumapili saa 1:15 usiku

Nimerudi, na huyu mama akija Tononoka nampa funguo za karakana.

Mwana wa Mtwapa, ukishageuza waya niletee gari, milango nitaziba mimi.

mwana_wa_mtwapa, Jumatatu saa 2:40 usiku

Ilikuwa ya kushoto. Mke wangu ndiye aliyetazama koni, akapiga kelele "imeingia ndani!" jirani akafikiri ni nyoka. Nimegeuza. Besi imerudi nikiwa nimeshika skrubudraiva, na mwimbaji ametulia katikati ya dashibodi.

mwana_wa_mtwapa, Alhamisi (wiki hiyo hiyo) saa 3:05 usiku

Butili imewekwa leo. Wadau, mlango ukiufunga sasa unasema "mbu", zamani ulikuwa unasema "kwang'a". Fundi ameweka kichujio kwenye redio, milango inakata chini ya Hz 80. Halafu akafanya jambo ambalo sikulijua: amechelewesha spika ya kulia. Kwa kuwa dereva wetu anakaa kulia, spika ya kulia ina sentimita 80 hivi kutoka sikioni, ya kushoto 140. Sauti inakwenda kama sentimita 35 kwa milisekunde moja, kwa hivyo ya kulia ameichelewesha milisekunde 1.7, zote zinafika pamoja. Bahati redio yangu ina sehemu hiyo, mimi nilidhani ni mambo ya saa.

Kuna mtetemo umebaki kwenye besi ya bango. Nimeshika kila plastiki, sijauona.

fundi_tononoka, Alhamisi saa 3:20 usiku

Pleti ya nyuma. Wekea sponji nyuma yake.

mwana_wa_mtwapa, Alhamisi saa 3:33 usiku

Ni pleti ya nyuma.

Besi_Tupu, Alhamisi saa 3:50 usiku

Na mimi niseme langu. Nimeshusha geini mpaka 34. Jumamosi nilipita Kongowea na muuza nyanya hakunijua, ilibidi nipige honi. Lakini ndani ya gari nimesikia gitaa la pili kwenye wimbo ambao ninao miaka sita, na sikujua kama lipo. Sanduku la tundu nauza, anayelitaka aniambie.

mamake_zulfa, Ijumaa saa 12:45 asubuhi

Na mkeo amesemaje, kaka? Ndiye aliyetutuma sote humu.

mwana_wa_mtwapa, Ijumaa saa 2:30 asubuhi

Jana usiku tulitoka Mtwapa mpaka Mama Ngina na kurudi, yeye ndiye aliyechagua nyimbo. Kufika daraja la Nyali akanyamaza, akarudisha wimbo nyuma. Akaurudisha tena mara ya tatu. Kumbe kuna neno ambalo yeye na dada zake wamekuwa wakiliimba kwenye harusi tangu wasichana, na silo. Herufi moja tu. Fumbo zima limegeuka, na aliyekuwa anasifiwa miaka yote hiyo ndiye anayechambwa. Amempigia dada yake mkubwa saa nne usiku, wamecheka mpaka simu ikaisha chaji.

BabuKisauni, Ijumaa saa 3:00 asubuhi

Neno gani hilo?

mwana_wa_mtwapa, Ijumaa saa 3:04 asubuhi

Babu, hilo humu siliandiki.